Nani Ana Saa ya Kumsikiliza Mtoto wa Kakamega?

Jioni ya Jumatatu, 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakishuka ngazi za jengo lao la ghorofa kurudi nyumbani. Wakasongamana, wa mbele wakaanguka, wa nyuma wakaja juu yao. Watoto 14 walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wa Gredi ya 4 na darasa la 5, watoto wa miaka 10 hivi.

Msaada ulifika, na haufai kubezwa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuja kuzifariji familia na kuwaunganisha wazazi na watoto wao, washauri nasaha wakaletwa, viongozi wakaja, ibada zikafanywa. Kisha, wiki sita tu baadaye, korona ikafunga shule zote nchini. Gredi ya 4 walirudi darasani Oktoba pamoja na watahiniwa. Wenzao wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Mtoto aliyekuwa kwenye ngazi zile, aliyemwona rafiki yake akikanyagwa, alipitisha miezi ya majonzi mbali na wenzake walioyaona aliyoyaona yeye, katika nyumba ambamo watu wazima walikuwa na hofu zao za unga, kodi na ugonjwa wenyewe.

Mfuatano huo hunirudia kila ninaposikia mjadala kuhusu afya ya akili ya watoto na vijana katika kaunti hii. Mjadala huelekea upesi kwenye majengo, sheria na uhaba wa madaktari, na yote hayo yana uzito. Lakini ukiifuata njia nzima anayopita mtoto, kuanzia jikoni kwao hadi hospitali ya rufaa, utakuta pengo lilelile katika kila kituo: hakuna mtu aliyetengewa saa, saa anayolipwa, ya kukaa na mtoto amsikilize. Watu wema wapo tele. Saa ndiyo haipo.

Namba tunazo. Utafiti wa kitaifa kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa na kituo cha APHRC cha Nairobi kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Queensland na Johns Hopkins na kutolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliofikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa na ugonjwa kwa vigezo vya kitabibu walikuwa asilimia 12.2. Kati ya wenye matatizo, takriban mmoja tu katika kila kumi alikuwa amepata huduma yoyote. Hizo ni hesabu za Kenya nzima, na Kakamega ilihesabiwa watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Tazama umbali ulio kati ya 44 na 12. Hapo katikati wamo watoto ambao hawahitaji kidonge wala kitanda cha wodi. Wanahitaji mtu, mapema, kabla mzigo haujawalemea.

Huko nyuma mtu huyo alikuwepo. Katika maboma mengi ya Waluhya, msichana aliyeanza kukua alihamia kulala kwa kukhu, bibi yake, na mvulana akajengewa simba yake kando. Gizani, moto ukififia, maswali yasiyoulizika mbele ya baba yaliulizwa. Senje, shangazi, alikuwa na ruhusa ya kusikia mambo ambayo mama hangesikia. Siisifu enzi hiyo kupita kiasi. Mengi yalizimwa kwa amri na mengine kwa kiboko. Lakini kulikuwa na saa, na kila mmoja aliijua.

Saa hiyo imemegwa kidogo kidogo. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyolisha karo za nusu ya magharibi, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka ya kuyumba, na baba wengi walikuwa tayari wameshaondoka kutafuta vibarua Nairobi, Nakuru au Eldoret. Kule Ikolomani wavulana huacha darasa kwenda kwenye mashimo ya dhahabu. Kukhu yupo bado, ila sasa analea wajukuu watano akiwa na miguu inayouma, na ifikapo saa mbili usiku ndiye wa kwanza kusinzia.

Hata msiba, ambao magharibi hatuufanyi kwa haraka, haumpi mtoto nafasi. Watu wazima hulia, huimba, huhutubu. Mtoto wa marehemu hutumwa viti kwa jirani, hutumwa maji, huambiwa asisimame karibu na jeneza. Wiki ikiisha hema hufunguliwa, wageni hupanda matatu, na yeye hurudi shuleni na kitabu cha Hisabati kilichosimama kwenye ukurasa uleule aliouacha. Nani amemuuliza?

Mtoto naye hasemi ana msongo wa mawazo. Anasema kichwa, anasema tumbo. Niliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja ya mashambani, mbele yangu mama na mvulana wa miaka kama 13 mwenye sare ya shule.

"Anasumbuliwa na nini, mama?"

"Kichwa, sista. Wiki ya tatu hii. Na chakula hataki."

Mvulana hakuinua macho. Alikuwa akikibonyeza kidole alichochomwa, atazame tone dogo la damu likijitokeza, alipanguse kwenye kaptura, abonyeze tena. Kipimo kilipokuwa tayari, sista alikisoma na kusema, "Malaria hana. Nampa ya maumivu, akizidi umrudishe." Mama alishukuru. Alipokuwa akiinuka alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mkoba wake, "Ni tangu babake aende." Jina la mgonjwa aliyefuata lilikuwa limeshaitwa.

Simlaumu sista yule hata kidogo. Kakamega iko katika ukanda wa malaria wa Ziwa Viktoria, na kichwa kikiuma ni lazima malaria ipimwe kwanza. Foleni ilifika hadi nje kwenye mwembe. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki kutambua sonona, wasiwasi na mengineyo bila kumngoja mtaalamu, na mafunzo ya namna hiyo yamefika Kenya. Lakini mafunzo hayamwongezei mtu dakika. Swali moja la ziada, "na nyumbani mnaendeleaje?", linaweza kufungua maongezi ya nusu saa, na muuguzi anayejua hana nusu saa hujifunza kutouliza.

Wengi huenda kanisani kabla ya zahanati. Wakatoliki, Waanglikana, Waquaker, makanisa ya Kiroho: hakuna kijiji cha Kakamega kisicho na mtu wa kuombea. Pasta mwenye busara ni nguzo kubwa, na nimeona vijana walioshikiliwa wasianguke na kwaya ya vijana peke yake. Hatari ni pale huzuni inapoitwa pepo na mtoto akaambiwa imani yake ni haba. Hapo anapata mzigo wa pili.

Shuleni ndipo penye uzito, kwa sababu ndipo mtoto alipo siku nyingi za mwaka, na wa bweni ndipo alipo usiku pia. Kenya haikuanza jana katika hili. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri na uelekezaji mwaka 1971. Mwaka 2001 fimbo ilipigwa marufuku, na jopo la Naomi Wangai lililochunguza utovu wa nidhamu na ghasia za wanafunzi likapendekeza mwaka huohuo ushauri uimarishwe shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Kwenye karatasi njia ilikuwa imenyooka.

Nadhani hapo ndipo tulipojikwaa, na ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Ushauri uliingizwa shuleni kama mbadala wa fimbo. Uliwekwa mahali pa adhabu, na harufu ya adhabu haijautoka. Mwanafunzi hupelekwa kwa mwalimu wa gaidansi baada ya kukutwa na kosa: ametoroka, amepigana, ameonekana na mvulana nyuma ya bweni. "Utaenda gaidansi" ni tishio. Anayelia peke yake chooni, ambaye hajavunja kanuni yoyote, hapelekwi popote, na mwenyewe hawezi kwenda maana wenzake watauliza amefanya nini.

Tena mwalimu huyo, ambaye mara nyingi amechaguliwa kwa sababu ni mpole au ni mama, anafundisha vipindi vyake vyote kama wenzake. Anamshauri mtoto wakati wa mapumziko, akiwa na kikombe cha chai mkononi na rundo la madaftari kwapani. Ofisi moja ya ushauri niliyoonyeshwa ilikuwa pia ghala la mipira, nyavu za voliboli na ramani za zamani za Afrika. Kila baada ya dakika chache mtoto mwingine alibisha hodi kuomba mpira. Mwalimu alitabasamu kwa uchovu akaniambia, "Wakija kwangu kweli, huwa tunatembea tu mpaka kwenye mti." Alikuwa amepata jibu bora kuliko jengo. Kitu ambacho hakuwa nacho ni kipindi kwenye ratiba kilichoandikwa jina la kazi hiyo.

Kuna suala la siri pia. Mwalimu huyo ndiye anayekaa kwenye kamati ya nidhamu. Ndiye anayekunywa chai na mwalimu wa darasa. Msichana aliyepata mimba ana haki ya kurudi shuleni chini ya mwongozo wa serikali wa 2020, lakini akisimulia kisa chake Jumatatu na kukisikia kwenye chumba cha walimu Jumatano, mwongozo huo hautamsaidia, na waliokuwa wakimtazama yeye wameshajifunza kunyamaza.

Kwa yote haya hujibiwa kwamba ipo simu. Ni kweli. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana, na imewaokoa watoto wengi tangu ilipoanza 2006. Msalaba Mwekundu nao wana 1199. Namba hizo zinastahili kuandikwa kwenye kila ukuta wa darasa. Lakini mwanafunzi wa Kenya haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na wa bweni hukaa hivyo muhula mzima. Wa kutwa hutumia simu ya mama, ambayo huweka kumbukumbu ya namba iliyopigwa. Huduma ya simu imejengwa kwa mtoto mwenye simu na chumba cha faragha, na mtoto huyo hapatikani kwa urahisi Navakholo.

Tuseme basi kwamba bahati imekuwepo, mwalimu amegundua, mzazi amekubali, safari ya rufaa inaanza. Hospitali Kuu ya Rufaa mjini Kakamega inatoa huduma za akili na hupokea wagonjwa hadi kutoka kaunti jirani. Mzazi wa Likuyani, kaskazini kabisa, huona afadhali aende Hospitali ya Moi, Eldoret, iliyo karibu naye zaidi. Madaktari wa akili katika Kenya nzima hawafikii mmoja kwa kila watu 200,000, na waliobobea kwa watoto ni wachache mno na wamerundikana Nairobi. Vitengo vingi vya akili nchini vilijengwa kwa kumfikiria mtu mzima. Mzazi anayemwona mwanawe wa miaka 14 akingoja kwenye foleni moja na wanaume waliofungwa kamba na ndugu zao, mara nyingi hatarudi tarehe ya pili. Na kijijini neno "Mathari", ambalo ni jina la hospitali ya kitaifa ya magonjwa ya akili, hutumiwa kama tusi.

Sheria, kwa haki yake, imesogea mbele kuliko huduma. Jopo la Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali mwaka 2020 itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yakazipa kaunti wajibu ulio wazi wa kutoa huduma hizi. Na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una maana kubwa kwa familia ya kijijini. Kwa miongo mingi mzazi aliyemkimbiza mtoto hospitalini usiku alilazimika kuchagua kati ya kusema ukweli kwa daktari na kumlinda mwanawe na polisi, na wengi walisema ni ajali. Mwili ukatibiwa, mtoto akarudishwa nyumbani. Sasa ukweli unaweza kusemwa, ila chifu na polisi wengi hawajaelezwa hivyo, na wazazi ndio kabisa.

Njia nyingine imeshajaribiwa hapahapa Kenya. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha taasisi ya Shamiri, na mpango wao ni mwepesi kuelezeka: kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari, vikao vinne katika wiki nne, vikiongozwa na vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza shule juzi tu. Hawaanzi na maneno ya ugonjwa. Wanazungumza juu ya kukua, shukrani, na yale mtu anayoyathamini. Waliupima kwa wanafunzi 413 wenye dalili katika shule nne za Nairobi na Kiambu, nusu wakipewa vikao hivyo na nusu wakifundishwa mbinu za kusoma, na matokeo yakachapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliopata vikao, na tofauti ikadumu kwa miezi kadhaa. Zimbabwe nao, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaa kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wazima. Msomaji wa Kakamega atamtambua mtu huyo mara moja. Ni kukhu, aliyerudishiwa saa yake.

Siri ya mipango yote miwili, ambayo wanaoinakili huisahau, iko nyuma ya yule anayeonekana. Kijana wa Shamiri ana msimamizi anayekutana naye kila wiki, na ana mahali pa kumpeleka mwanafunzi aliye hatarini. Ukifungua mlango wa kwanza bila kuwepo wa pili, umemfanya mtoto aseme jambo zito kisha umemwacha nalo, na hilo ni baya kuliko kutomuuliza.

Kakamega ina vya kuanzia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini, na kina walimu na wanafunzi wa saikolojia ya elimu. Wahudumu wa afya ya jamii, walioongezwa nguvu nchi nzima mwaka 2023 na kuanza kulipwa posho, hupita nyumba kwa nyumba na kifaa cha kupimia presha. Wanaweza kujifunza kumtazama pia mtoto aliyejikunyata pembeni. Na kaunti imeshathibitisha kwamba ikitaka kumfuata mtoto, inaweza. Chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto uliwapa akina mama maskini shilingi 2,000 katika kila moja ya awamu sita, tangu ujauzito hadi mtoto afike miezi 18, mradi waje kliniki. Watu waliuita Oparanya Care na wakauamini. Kilichofanya uaminike ni kwamba kulikuwa na daftari, tarehe, na mtu aliyekungoja tarehe hiyo. Baada ya miezi 18 daftari lilifungwa, na mtoto yuleyule akifika miaka 12 hakuna anayemngoja mahali popote.

Ningeanza na watu 12, mshauri mmoja mwenye leseni kwa kila eneobunge. Kazi yao isingekuwa kuwaona watoto wote, maana hawawezi, ila kuwasimamia walimu wa ushauri na vijana wa chuo, na kuwa mlango wa pili kwa wale wenye hali ngumu. Kisha Tume ya Huduma za Walimu impunguzie mwalimu wa ushauri vipindi, nafasi hizo ziandikwe kwenye ratiba kama zinavyoandikwa za Kemia, na mtu huyo aondolewe kwenye kamati ya nidhamu. Kuna watakaosema fedha hazipo. Kaunti hii imekuwa na mradi wa hospitali mpya kubwa ambao ujenzi wake umechukua mwaka baada ya mwaka. Mishahara ya watu 12 kando ya saruji ile ni kitu kidogo.

Wala tusifanye umaskini kuwa ugonjwa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo anahitaji karo. Ukimweka chini ya mti na kumfundisha kupumua polepole ilhali jina lake limeshafutwa kwenye orodha ya chakula cha mchana, unamdhihaki. Msikilizaji mzuri ni yule anayejua pia mlango wa ofisi ya basari ulipo.

Gredi ya 4 ya mwaka 2020 walikuwa watoto wa kwanza wa mtaala mpya katika kila hatua. Januari 2026 kundi hilo liliingia Gredi ya 10, na wale waliokuwa kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega wametawanyika katika shule za sekondari ya juu, wengi bwenini, baadhi mbali na nyumbani, katika majengo mengine ya ghorofa. Kabla ya kuripoti kila mmoja alipokea barua ya kujiunga: godoro la ukubwa fulani, ndoo yenye jina, sanduku, kufuli mbili, viatu vyeusi vya ngozi. Kuna fomu ya kujaza kuhusu pumu na mzio wa chakula. Hakuna mstari unaouliza umepitia nini, na mwalimu anayempangia kitanda ghorofa ya pili hajui kwa nini msichana huyu husubiri mpaka wenzake wote washuke ndipo aguse ngazi.